Kikundi chetu Kibosho kinataka umeme wake: tuanze na nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Kibosho, Moshi Vijijini. Tuko kaya 46. TANESCO ipo tangu zamani lakini umeme hukatika, hasa msimu wa mvua, na wengi wetu bado tunapika kwa kuni na mkaa. Juu ya kitongoji unapita mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, ambao hatujawahi kuuona ukikauka. Mwezi uliopita alikuja mtu wa kampuni ya sola na mkataba tusaini kikundi kizima, tulipe kila mwezi kwa miaka saba. Kijana wetu anayesoma Ujerumani anasema huko wananchi wanamiliki umeme wao wenyewe. Je, na sisi tunaweza? Tuanze na jua, maji au kitu gani, na tujisajili wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Mnaweza, ila kwa hali uliyoieleza, umeme wa kuwasha taa za nyumba 46 usiwe mwanzo wenu. Anzeni na moto wa jikoni, yaani gesi ya samadi, kila kaya yenye ng'ombe ikimiliki mtambo wake huku kikundi kikinunua vifaa na kuwalipa mafundi kwa pamoja. Wakati hilo likiendelea, pimeni mfongo mwaka mzima kwa ajili ya kazi moja ya uzalishaji. Mkataba wa sola msiusaini kwanza. Sasa nieleze kwa nini, na pale penye fedha yenu nitakaa zaidi.

Kijana wenu anasema kweli. Mji mdogo wa Schönau, kusini mwa Ujerumani, una watu wasiozidi elfu chache. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, wazazi wa mji ule waliungana, wakapiga kampeni, wakashinda kura za wananchi, na mwaka 1997 wakaununua mtandao wa umeme wa mji wao. Denmark nako, mbele ya bandari ya Copenhagen, kuna mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden yenye jumla ya megawati 40. Nusu yake ilinunuliwa kwa hisa na ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000. Hizo ni habari njema na ninazipenda. Ila ziangalieni na upande wa pili. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2000 iliyolazimisha gridi kuununua umeme wa mwananchi kwa bei iliyotangazwa kwa miaka 20. Mwenye hisa alijua kabla ya kutoa senti yake atarudishiwa nini. Jua lile na upepo ule vilibebwa na bei.

Hapa kwetu bei inakwenda kinyume. Mteja mdogo wa TANESCO wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hakuna mtambo wa kitongoji utakaozalisha uniti kwa fedha hiyo, ukihesabu mashine, nguzo, waya na mshahara wa fundi. Mwaka 2020 serikali iliagiza hata gridi ndogo za binafsi vijijini ziuze kwa shilingi 100, na wenye mitambo waliokuwa wakitoza zaidi kulingana na gharama zao walibanwa sana. Zaidi ya hapo, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, limeongeza umeme mwingi kwenye gridi ya taifa. Kukatika kwenu wakati wa mvua kunaelekea kutokana na miti na nyaya za huko mlimani kuliko uhaba wa umeme nchini. Bwawa haliondoi tawi lililoangukia waya. Basi taa za majumbani muachieni TANESCO, na anayetaka taa wakati wa giza anunue paneli ndogo na betri yake, jambo lisilohitaji ushirika.

Swali ninalowaulizaga vikundi ni hili: ni nishati gani mnayoilipia ghali kila wiki, na fedha yake inakwenda nje ya kitongoji? Kwenu jibu limo kwenye barua yako. Ni mkaa na kuni. Mkaa unatoka tambarare, unalipiwa taslimu, na bei yake haishuki. Kuni zinatoka kwenye mashamba yenu yanayozidi kugawanyika, au kwenye msitu ambao sasa uko chini ya KINAPA, Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na askari wake mnawajua. Serikali nayo imeshaweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo mlango wa kuomba msaada uko hapo, kuliko kwenye taa.

Na Kibosho mna kitu ambacho wafugaji wa kule Simanjiro hawana. Ng'ombe wenu wamefungwa bandani, kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Samadi iko sehemu moja, hatua chache kutoka jikoni, na maji yapo. Mtu anayebuni mtambo wa gesi ya samadi akiambiwa achague mahali, angechagua pa kwenu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takribani lita 40 za gesi. Kichwa kimoja cha jiko hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Kaya yenye ng'ombe wawili wa maziwa ikikusanya kilo 30 kwa siku inapata kama lita 1,200, yaani saa tatu za moto kwa kichwa kimoja. Hiyo ni chai ya asubuhi, chakula cha mchana na mboga ya jioni. Maharage makavu na makande yatawazidi, hayo yapikeni kwa kuni bila kujilaumu, au mloweke usiku kucha kupunguza muda. Samadi huchanganywa na maji kipimo kwa kipimo, kwa hiyo ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji kila siku. Mchanganyiko huo wa lita 60 unatakiwa kukaa ndani ya mtungi, yaani tangi la mtambo linalotengeneza gesi, siku 50 hivi, ndiyo sababu kaya kama hiyo inahitaji mtambo wa mita za ujazo nne. Msiruhusu fundi awauzie wa sita au tisa kwa ng'ombe wawili. Mtungi mkubwa usioshiba hautoi gesi zaidi. Unatoa deni.

Jambo moja la huko juu: baridi. Bakteria wanaotengeneza gesi wanapenda joto, na mwezi wa sita hadi wa nane, ukungu ukiwa umekaa wiki nzima, gesi itapungua. Mtungi ujengwe chini ya ardhi, mahali panapopata jua, pasiwe chini ya migomba, na mfuniko wake ufukiwe udongo wa kutosha. Msipoambiwa hili mapema, mwezi wa saba mtadhani mtambo umeharibika.

Kinachotoka upande wa pili, lile tope lililokwisha kutoa gesi, ndicho ambacho wakina mama wengi wamekuja kukithamini kuliko moto wenyewe. Halina harufu kali, mbegu nyingi za magugu zimekufa, na mgomba unalipokea haraka kuliko samadi ya kutupwa. Chimbeni mfereji mdogo lielekee kwenye migomba na kahawa lenyewe. Hapo ndipo mzee wa nyumba asiyejali jikoni atakapoanza kuulinda mtambo.

Teknolojia hii si ngeni mkoani. CAMARTEC, kituo cha serikali kilichopo Arusha tangu 1981, kimekuwa kikifanyia kazi mtungi wa kuba la matofali tangu miaka hiyo ya themanini, na kuanzia 2009 ndicho kilichoendesha mpango wa taifa wa bayogesi za majumbani uliofundisha mafundi katika mikoa mingi. Nendeni Arusha watu wawili, wewe na mweka hazina, mkaombe majina ya mafundi waliofunzwa walio karibu nanyi. Kisha, kabla ya kumlipa yeyote, aoneshe mitambo mitatu aliyojenga ambayo imeshapita miaka mitano na bado inawaka. Muulizeni mwenye nyumba, msimuulize fundi. Mitambo iliyokufa ipo mingi, na ukiifuatilia utakuta sababu zilezile: ng'ombe waliuzwa wakati wa ada za shule, mtu aliyekuwa akilisha mtambo alihama, kuba lilipata ufa kwa saruji ya kupunjwa, au maji yalijikusanya kwenye bomba la gesi na hakuna aliyejua kuyatoa. Hilo la mwisho ni kazi ya dakika tano. Nimeona jiko likiwa limeachwa miezi kwa ajili yake.

Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Mtu mmoja mmoja akijenga, fundi akiondoka ameondoka. Mkijenga 15 kwa mpigo, mnanunua saruji na mabomba kwa bei ya jumla, mnachimba mashimo kwa msaragambo (kazi ya pamoja), mnabaki na akiba ya valvu na mabomba, na vijana wawili wa kitongoji wanajifunza kwa fundi tangu shimo la kwanza hadi la 15. Hao ndio watakaokuwa mafundi wenu. Wasio na ng'ombe msiwaache nje. Wanaweza kuungana na jirani mwenye ng'ombe watatu au wanne, wakachangia majani na kubeba maji, bomba likavuka uzio. Hili liandikwe, kwa sababu jirani wema wa leo wanaweza kugombana kesho kwa jambo lisilohusu gesi kabisa.

Sasa mfongo. Najua ndio ulio moyoni mwenu, na nina hamu nao kama ninyi. Wazee wetu waliipitisha mifongo kwenye makorongo bila pima maji, na utaratibu wake wa meni mfongo (msimamizi wa mfereji), zamu, siku ya kusafisha na faini ya asiyekuja ni utawala uliokomaa kuliko kamati nyingi za miradi nilizowahi kukaa nazo. Ila mfongo kutokukauka hakutoshi. Mnatakiwa kujua una lita ngapi kwa sekunde siku yake mbaya kuliko zote, na maji yanashuka mita ngapi kwa wima.

Kupima mnaweza wenyewe. Chagueni sehemu iliyonyooka ya mita 10. Pimeni upana na kina cha maji. Tupeni kipande cha gunzi, mhesabu sekunde kinazotumia kufika mwisho, mrudie mara kadhaa mpate wastani. Tuseme upana ni sentimita 60, kina 20, na gunzi linachukua sekunde 20. Mwendo ni nusu mita kwa sekunde, na mtiririko ni lita 60 kwa sekunde. Maji ya chini na ya pembeni huenda taratibu kuliko ya juu, kwa hiyo zidisheni kwa 0.7, mpate lita 42. Ikiwa maporomoko ni mita 25, zidisheni lita kwa mita, kisha kwa 5: 42 mara 25 mara 5 ni wati 5,250. Hiyo 5 imeshakata hasara za bomba, turbaini (mashine inayozungushwa na maji) na jenereta ya kawaida. Mna kilowati tano.

Kilowati tano zikigawanywa kwa kaya 46 ni wati mia na kitu kila nyumba. Taa, simu, redio, televisheni ndogo. Pasi hapana. Mtambo ukiwaka mwezi mzima unaweza kuzalisha kama uniti 3,600, lakini nyumba hutumia jioni tu, kwa hiyo kuuza robo yake, uniti 900, ni kazi nzuri. Kwa shilingi 100 hizo ni 90,000 kwa mwezi. Mlinzi wa banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kuingia kwenye bomba, peke yake atazimaliza.

Chukueni uniti zilezile 900 mzipeleke kwenye mashine ya kusaga au mtambo wa kukoboa kahawa unaolipa TANESCO kwa bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Mmeokoa zaidi ya 260,000 kwa maji yaleyale. Mkizipeleka mahali ambapo mashine inaendeshwa kwa dizeli, inayokula lita 10 hadi 12 kwa kazi ya uniti 30, thamani inapanda tena mara kadhaa. Maji hayajaongezeka, kilichobadilika ni mteja. Ndiyo sababu nasema mtambo wa mfongo, kama vipimo vitakubali, uwe wa CPU (kituo cha pamoja cha kukoboa kahawa mbivu), wa mashine ya kusaga, wa kupoza maziwa, au wa vyote kwa zamu, na nyumba zipate kinachobaki.

Tena kahawa na maji vinaelewana kuliko kahawa na jua. Msimu wenu unaanza mwezi wa saba, wakati mlima umejifunika na paneli zinatoa kidogo. Wakulima huchuma mchana, kahawa mbivu inafika CPU alasiri na inatakiwa kukobolewa siku hiyohiyo, jua likiwa linazama. Sola ya kazi hiyo itahitaji betri kubwa, na betri ndiyo sehemu ghali. Mfongo wakati huo bado una maji ya masika. Kipimo kitakachoamua ni cha Septemba na Oktoba kabla ya vuli, na kile cha Januari na Februari. Na muwaulize wenye zamu za kumwagilia miezi hiyo watachukua kiasi gani. Maji yanayopita kwenye turbaini hayapungui, lakini yanatoka chini ya mashine. Shamba lililo kati ya banio na mashine litakosa maji yale. Msipokubaliana na hao kwanza, bomba litatobolewa usiku.

Vibali vya maji ni vya lazima hata kama mfongo ni wa mababu. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapo Moshi mjini, na ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji. Msiwaone kama wasumbufu. Maji yenu yanashuka Kikuletwa, yanaingia Nyumba ya Mungu penye mtambo wa megawati 8, yanaendelea hadi Hale penye 21 na Pangani penye 68, kabla ya kufika baharini. Watu wa chini wana haki ya kujua kinachofanyika juu. Banio likiwa ndani ya msitu wa hifadhi, KINAPA watahusika pia, na hapo mambo huwa marefu. Jitahidini banio libaki chini ya mpaka. Kuhusu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mtambo ulio chini ya megawati moja hauhitaji leseni ya kuzalisha, lakini unaandikishwa. Ofisi ya mazingira ya halmashauri itawaambia sheria ya mazingira inataka nini kwa ukubwa wenu.

Mkitaka kuona kitu cha namna hii kabla ya kutumia fedha, msiende mbali. Kikuletwa, wilayani Hai, kuna kituo cha zamani cha umeme wa maji ambacho Chuo cha Ufundi Arusha wamekigeuza kuwa mahali pa kufundishia nishati jadidifu. Pelekeni vijana wenu wawili wa ufundi. Walio na nauli ya kusini watafute Mawengi, Ludewa, ambako mtambo wa maji wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la Italia, ACRA, unasimamiwa na chombo cha watumiaji wenyewe kiitwacho LUMAMA. Au Matembwe, Njombe, ambako umeme wa maji uliendana na kampuni ya kijiji inayototolesha vifaranga na kusaga chakula cha kuku. Matembwe ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu palikuwa na mteja wa uhakika tangu mwanzo.

Kwenye usajili, hapa wengi hukosea. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinatambuliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kwa kazi ya kuweka na kukopa. Hakikuundwa kumiliki bomba na mashine. Na kina tabia moja isiyopatana na mtambo: mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana. Mtambo wa miaka 20 hauwezi kuishi kwenye sanduku linalofunguliwa kila Desemba. Kwa mitungi ya gesi ya majumbani, kikundi kinatosha, mradi mfungue akaunti ya pembeni ya matengenezo isiyoguswa siku ya kugawana, na kila kaya ilipe kidogo kila mwezi hata kama jiko lake halijawahi kuharibika. Kwa mtambo wa mfongo, undeni ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Afisa ushirika wa wilaya atawaongoza, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kiko palepale mjini na wanafunzi wanaohitaji kazi halisi ya kujifunzia. Ikiwa AMCOS yenu ya kahawa (chama cha ushirika cha wakulima) bado ina uhai na hesabu zake zinakaguliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, fikirieni kuongeza kazi hii ndani yake badala ya kusajili chombo kipya. Ikiwa hesabu zake hazijasomwa mkutanoni kwa miaka, msimpeleke mtoto mchanga kwenye nyumba ile.

Mna urithi wa kuegemea. Wakulima wa Kilimanjaro waliungana katika chama chao mwaka 1925, na KNCU, umoja wa vyama vyao vya ushirika wa kahawa, ikaandikishwa 1933, wakati wa ukoloni. Kura moja kwa mwanachama mmoja mnaijua kutoka kwa babu zenu. Ishikeni hasa hapa, kwa sababu ya Desemba. Ndugu zetu wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wanarudi kwa Krismasi, mikutano inajaa, na fedha ipo. Waombeni hisa, wapeni risiti, wasomeeni hesabu. Wawekeeni pia kikomo cha hisa, ili ndugu mmoja mwenye uwezo asigeuke mwenye mtambo na ninyi mkawa vibarua wake. Na uanachama uandikwe kwa jina la mtu anayelisha ng'ombe na kupika. Mara nyingi huyo ni mama. Mikutano mingi nimekuta jina ni la baba aliyeko mjini, na mama mwenye kazi hana kura.

Fedha nyingine ya kuifuatilia ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake ndani ya kitongoji chenu kinaweza kuiomba kwa mitungi ya gesi, na vijana kwa kazi ya ufundi. Pelekeni mchanganuo wenye tarakimu za kwenu, samadi kilo ngapi na mkaa wa shilingi ngapi kwa wiki. Ombi lililonakiliwa kutoka kikundi kingine afisa maendeleo analitambua kwa ukurasa wa kwanza.

Nirudi kwenye mkataba wa sola, kwa ufupi. Miaka saba ni mirefu kuliko umri wa betri nyingi za asidi, ambazo chini ya matumizi ya kila siku huchoka kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Betri za lithiamu za aina ya kisasa hudumu zaidi. Muulizeni mhusika, kwa maandishi: betri ni za aina gani, nani anazibadilisha zikifa mwaka wa nne, vifaa ni mali ya nani siku malipo yanapokwisha, na kaya tatu zikishindwa kulipa, je, nyingine 43 zinabanwa? Kifungu hicho cha mwisho kitafuteni kwa kidole, mstari kwa mstari. Mkikikuta, mtakuwa mmedhaminiana bila kujua. Kama kweli mnataka sola ya pamoja, paneli chache juu ya paa la CPU au zahanati, zenye mwenyewe anayejulikana, zitatosha kujifunzia. Kuna kanuni za mwaka 2018 zinazoruhusu aliyeunganishwa na TANESCO kurudisha ziada ya sola yake kwenye gridi, nayo ikahesabiwa dhidi ya matumizi yake. Itawafaa baadaye, mkishakuwa na jengo la pamoja lenye bili kubwa ya mchana.

Kabla ya yote hayo, mambo ya ardhi. Bomba la mfongo litapita kwenye vihamba vya watu, na kihamba ni cha ukoo kabla hakijawa cha mtu. Makubaliano ya njia yasainiwe na mwenye eneo, mke wake na ndugu zake walio karibu, yashuhudiwe na mtendaji wa kijiji, na nakala ikae ofisini. Mzee akifa, watoto wake watataka kuona karatasi.

Kwa sasa fanyeni haya. Wiki hii orodhesheni kaya zote 46: ng'ombe wangapi, wanakaa bandani au la, na kila kaya ilitumia shilingi ngapi kwa mkaa na kuni mwezi uliopita. Chagueni kaya tano za kuanzia, zile ambazo mama na baba wote wamekubali mbele ya mkutano, na msizipe za viongozi peke yao. Mfongo uanze kupimwa kila Jumamosi na mtu mmoja yuleyule, mahali palepale, kwenye daftari moja, bila kuruka hata wiki ya mazishi. Daftari hilo likishavuka Septemba na Oktoba, niandikie tena uniambie mtiririko mdogo kabisa mliopata, mita za maporomoko, na CPU ililipa TANESCO kiasi gani msimu mzima. Nikiwa na hizo, nitawaambia turbaini ya aina gani inafaa, au kama mfongo ubaki kumwagilia.